Mafunzo ya mkao na mjongeo kwa mgongo uliopinda: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, na uti wangu wa mgongo umepinda kuelekea kulia tangu nikiwa msichana. Picha ya eksirei ilionyesha mpindo wa nyuzi 32 kwa kipimo cha Cobb, yaani kipimo cha pembe ya mpindo kwenye picha hiyo, ambacho huhesabu skoliosisi (uti wa mgongo kupinda kwenda upande) kuanzia nyuzi 10, na kwa kuwa upasuaji kwa kawaida hufikiriwa mpindo unapofika nyuzi 45 au 50, nilishauriwa nikajifunze mkao na mjongeo kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kilichonifaa kuliko vyote ni somo la kupumua, linalotokana na njia ya Katharina Schroth, Mjerumani aliyefungua kituo chake mjini Meissen mwaka 1921. Mtaalamu aliniketisha mbele ya kioo, akaweka kiganja kwenye mbavu zangu za kushoto zilizodidimia, akaniagiza nijirefushe kuanzia kiunoni hadi utosini huku nikivuta pumzi mpaka mbavu hizo zikisukume kiganja chake. Shangazi yangu aliyenisindikiza aliuliza kama siku hizi hata kupumua kunalipiwa.

Baadaye tulishughulikia cherehani yenyewe. Tuliinua meza kwa vipande vya mbao ili nisiifuate sindano kwa shingo, tukasogeza kiti hadi nyayo zote mbili zikatua sawasawa kwenye pedali, na sasa kila nikimaliza mshono mrefu wa gauni la kitenge husimama, nikajinyoosha, ndipo nikaendelea.

Mgongo haujanyooka, wala sikuahidiwa hivyo, lakini bega la kulia haliwaki moto jioni kama zamani.

Sikuridhika na vipindi vya kundi. Mama mmoja wa Ujiji aliyepinda kushoto alifanyishwa zoezi lilelile nililopewa mimi, ilhali lake lilipaswa kugeuzwa. Mwenye uwezo alipie kipindi cha peke yake, hata kama ni ghali zaidi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake akiinama mbavu za upande mmoja huinuka kuliko za upande wa pili, ningemshauri aanzie kwa daktari, kwa sababu mtoto anayeendelea kukua mwenye mpindo unaozidi nyuzi 25 mara nyingi huhitaji pia kuvaa kifaa kigumu cha kushikilia kiwiliwili, na mazoezi peke yake huenda yasitoshe.