Uzoefu wangu: tairi la nyuma la pikipiki, la kashata, kwa mawe ya Mwanza na mbuga za Misungwi

Nauza mbegu na dawa za mifugo. Nyumbani ni Bugarika, juu kwenye mawe, duka liko mjini, na wateja wangu wengi wako vijijini, ukishapita Usagara kuelekea Misungwi na Kwimba. Kwa safari moja tu tairi langu linakanyaga mawe ya mlimani, lami ya barabara ya Shinyanga, halafu mbuga. Aliyekulia Usukumani anaijua mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka nyufa, mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye kila kinachougusa. Ndiyo maana vuli ilipokaribia na tairi langu la nyuma likiwa limebaki kipara katikati, sikutaka kununua tairi lolote tu ilimradi liingie kwenye rimu.

Dukani nilikuta aina tatu za saizi yangu, 3.00-17. La kwanza ni la lami, lina michoro ya kina kifupi. La pili lina kashata (vile vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi) kubwa ndefu, lile la watu wa porini. La tatu liko katikati: kashata za wastani, zimeachana, na pembeni zina meno yaliyotoka kidogo. Kijana wa dukani alinisukumia lile kubwa. "Mama, hili ndiyo habari ya mjini, tope halikuwezi." Nikamshukuru nikachukua la katikati.

Sababu ni hii. Watu wengi wakichagua tairi la tope wanaangalia urefu wa kashata. Kwa mbuga, kinachokuokoa ni nafasi kati ya kashata moja na nyingine. Udongo ule ukishajaa kwenye nafasi hizo, tairi linageuka duara laini la tope na linazunguka palepale hata kama kashata zake ni ndefu kiasi gani. Nafasi ikiwa pana, gurudumu likizunguka linautupa udongo nje na kashata zinapata pa kushika tena. Mimi napima kwa vidole: kwa nililonunua vidole viwili vinaingia bila kubana. Yapo matairi yanaitwa ya kashata lakini hata kidole kidogo hakipiti. Hayo kwenye mbuga usiyategemee.

Lile kubwa nililiacha kwa sababu ya lami. Kashata ndefu zikiwa kwenye lami, ni vichwa vyake tu vinavyogusa barabara, na vinapinda ukikata kona au ukishika breki. Fikiria lami imelowa, uko kwenye mteremko, nyuma una gunia. Tena zinaisha haraka, mstari wa katikati ukitangulia, na pikipiki inatetemeka hadi mikononi.

Kabla ya kulipa soma maandishi ya ubavuni, yana maana kubwa kuliko jina la kampuni. Langu limeandikwa 6PR, yaani kipimo cha uimara wa tairi, na 50P. Hiyo 50 inamaanisha linabeba hadi kilo 190 likiwa na upepo wake kamili, na humo ndani kuna wewe, mzigo, na uzito wa pikipiki unaoegemea gurudumu la nyuma. Tafuta pia namba nne za tarehe: 2624 ni wiki ya 26 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa juani mbele ya duka kwa miaka mingi mpira wake umekauka hata kama halijawahi kuguswa na barabara. Likunje kidogo ubavuni uangalie nyufa ndogondogo. Nilikuta moja la hivyo, nikalirudisha.

Wakati wa kufunga, simama na fundi wako. Mshale wa ubavuni ufuate mwelekeo wa gurudumu. Mstari mwembamba ulio karibu na rimu uwe na umbali sawa kuzunguka kote. Ukiona umezama sehemu moja, mwambie atoe upepo, apake maji ya sabuni, ajaze tena. Halafu angalia madigadi. Kashata zikiwa ndefu zinapunguza nafasi ya juu, na mbuga hupenda kujaa hapo mpaka gurudumu linagoma kabisa. Langu lilibaki na nafasi ya kutosha. Fundi akakaza cheni na kuhakikisha alama za pande zote mbili ziko sawa, kwa kuwa gurudumu likikaa upande linakula tairi jipya kabla hujafaidi.

Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu, tairi jipya linateleza mpaka ngozi yake ya juu itoke.

Tangu hapo nimeridhika nalo. Njia ya kupanda Bugarika, ambako tairi la zamani lilikuwa linazunguka juu ya kokoto, sasa napanda na mzigo bila kushusha mguu. Kwenye lami linavuma kidogo ukikaribia 60, na vijiwe vinanasa kati ya kashata. Navitoa kwa bisibisi jioni. Mbuga ikiwa imelowa juu tu linapita vizuri, na unalisikia linavyotupa mabonge kwenye madigadi. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, siingii. Pikipiki naiacha kwa mteja wa barabarani na dawa nazibeba kwa miguu, na sijaona tairi la pikipiki ya kawaida linaloweza hali ile.

Wapo wanaoshauri upunguze upepo ili tairi litanuke kwenye tope. Kwa gurudumu lenye tyubu mimi sifanyi hivyo. Upepo ukiwa mdogo, tairi linazunguka juu ya rimu, linavuta tyubu, na vali inang'oka ukiwa mbali na fundi yeyote. Naweka upepo wa PSI 28 nikiwa peke yangu, 32 nikibeba, kama kitabu cha pikipiki yangu kinavyoelekeza.

Bei ilizidi ya tairi la lami kwa kiasi cha nusu tanki la mafuta. Nitalinunua tena. La mbele, 2.75-17, bado lina uhai. Likiisha nachukua lenye kashata zilizoachana hivihivi, maana yale ya milia mirefu yanateleza pembeni ukigusa tu mbuga.