Sola ya kiwandani baada ya miezi 14: bili imeshuka, boila inaendelea kufuka moshi

Nianze na nyota kabisa, 3 na nusu kati ya 5, kama una haraka chukua hiyo uende zako. Kiwanda chetu ni cha kushona nguo, tuna vyerehani vya umeme, kompresa moja kubwa ya hewa, taa za kutosha na boila ya dizeli inayotoa mvuke wa pasi. Jamaa wa sola (jina nawafichia, kuna mambo bado tunasuluhishana) walitufungia paneli za kilowati 100 juu ya paa, hamna betri, zimeungwa kwenye umeme wa gridi.

Ufungaji sina neno, paa halivuji na invata (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) wameiweka kivulini. Ila hizo kilowati 100 usitegemee kuziona kwa macho. Hiyo ni namba ya maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, sasa juu ya bati saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 na kila nyuzi inayozidi inakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu, ongeza na vumbi. Siku nzuri kabisa sisi tunaona 80. Yule muuzaji alikuwa anaongea kama vile jua ni bomba, unafungua tu maji yanatoka.

Kilichoniudhi zaidi ni wiki ya kwanza. Umeme ukakatika saa tano, jua kali linawaka, na sola nayo ikazima! Nikapiga simu nimeshapanda hasira, fundi ananiambia ndivyo inavyotakiwa, invata ya hivi gridi ikiondoka nayo inajizima ili isipeleke umeme kwenye nyaya mafundi wa nje wakiwa wanazishika. Sawa, sababu ya maana, lakini si ungenieleza kabla sijasaini? Tukabaki na jenereta peke yake kama zamani, mpaka walipoleta kifaa cha kuoanisha sola na jenereta, na hapo ni miezi miwili ya kuvutana nani alipe. Hata sasa jenereta hatuliachi lishuke chini ya theluthi moja ya uwezo wake maana likifanya kazi kivivu sana linaharibika, kwa hiyo kuna jua tunalitupa.

Bili kweli imeshuka, uniti za mchana zimepungua sana. Lakini kumbe bili ya kiwanda ina vichwa viwili, kuna uniti na kuna ile nusu saa mliyovuta umeme mwingi kuliko zote mwezi mzima, mita inaikumbuka kama mdai. Siku moja mawingu yakatanda, kompresa ikawaka pamoja na kila kitu, basi mwezi mzima tukailipia. Sola haijagusa kichwa hicho hata kidogo, na shifti ya usiku ndo usiseme.

Sasa hii habari ya kaboni, maana walituuzia kwa gia hiyo pia, wateja wetu wa nje wanauliza. Apu yao inaonyesha picha ya miti, leo umeokoa miti kadhaa. Mti upi, mbuyu au mche? Nikawauliza wanapigaje hesabu, kumbe wanachukua uniti wanazidisha na namba moja tu haibadiliki. Haiko hivyo. Kama gridi yako inachoma makaa ya mawe, kila uniti ni karibu kilo 1 ya kaboni dioksidi, gesi ni kama nusu yake, na kama ni umeme wa maji basi kwa kaboni hujaokoa kitu cha kujisifia. Jenereta ndo lenye hesabu tamu: lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7, na uniti moja inakula kama theluthi ya lita, kwa hiyo uniti ya sola inayochukua nafasi ya jenereta inafuta karibu kilo 0.9. Yaani kile kifaa tulichogombania kimesafisha hewa kuliko nusu ya paneli zilizoko juu, na kwenye apu hakionekani kabisa.

Halafu boila, mabibi na mabwana. Lita zilezile. Sola haijui kama kuna boila. Niliwaza boila ya umeme nikakaa chini na kikokotoo, lita ya dizeli ina joto la kama uniti 10, boila ya kawaida inakupa 8 zifikie kazi. Kwa hiyo gawa bei ya lita kwa 8, uniti ya umeme ikiwa juu ya hapo tajiri hawezi kukusikiliza, utamwimbia mazingira mpaka koo likauke. Kwetu ilikuwa juu. Ila dizeli ilipopanda bei, aisee, mabomba ya mvuke yaliyokaa uchi miaka yote yakavishwa blanketi la kuzuia joto lisipotee ndani ya wiki moja, vali zinazovuja zikabadilishwa, na boila ikaanza kula kidogo. Bei imefanya kazi ambayo paneli haziwezi. Upande wa pili umeme wa mchana ulipoanza kuonekana wa bure, watu wakaacha kompresa inanguruma hata saa ya chakula na mipira ya hewa inavuja fyuuu hakuna anayejali.

Si kwamba nashangilia bei kupaa. 2022 gesi ilipopanda Ulaya viwanda kadhaa vya mbolea vilipunguza uzalishaji, moshi wao ukapungua kwa sababu kazi imesimama, na Ujerumani ikarudisha mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa akiba. Huko si kusafisha, ni kuhamisha.

Kama kiwanda chako ni cha mota na vyerehani, na mnafanya kazi mchana, funga, ila kifaa cha jenereta kiwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Kama kazi yenu kubwa ni joto, anza na mabomba. Nusu nyota nyingine nitawaongezea siku wakimleta mtu wa kuosha paneli, waliahidi mara nne kwa mwaka, kaja mara moja, na kaosha safu za mbele zinazoonekana getini.