Maji Yamepitia Wapi Kabla ya Kunifikia? Uzoefu Wangu wa Kujiloweka katika Chemchemi za Maji Moto

Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapopanga safari hutafuta kwanza kama mahali ninapokwenda pana chemchemi ya maji moto ambayo mtu anaweza kuingia na kujiloweka. Nimeshaingia katika mito, katika mabwawa ya mawe na katika mabirika ya mbao, na kadiri nilivyozoea ndivyo nilivyoacha kuvutiwa na picha nzuri za matangazo na kushika kipimo kimoja tu: maji haya yamepitia wapi tangu yalipotoka ardhini mpaka yakaufikia mwili wangu? Nitazieleza sehemu nilizofika kwa kutumia kipimo hicho, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nizipende baadhi yake na nyingine nizione kuwa za kutembelewa mara moja tu.

Kipimo hicho nilikipata kwa kupoteza. Katika safari yangu ya kwanza nilifikia hoteli moja iliyotangaza kwamba ina bwawa la maji moto ya asili, nikasafiri saa nyingi kwa ajili ya bwawa hilo. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya klorini, na maji yenyewe hayakuwa na ladha, rangi wala utelezi wowote wa madini. Mhudumu niliyemuuliza alinieleza kwa uungwana kwamba kisima chao hutoa maji machache, kwa hiyo huyachanganya na ya bomba, huyapasha moto, huyachuja na kuyarudisha bwawani tena na tena. Tangazo halikuwa na neno la uongo, lakini nilichokuwa nimekifuata hakikuwamo.

Ili kuelewa ni nini kinachopotea hapo, inafaa kukumbuka jinsi chemchemi inavyofanya kazi. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za miamba, huteremka hadi yanapokutana na joto, liwe la volkano iliyo karibu au la kina chenyewe cha ardhi, kisha hupanda tena yakiwa yameyeyusha madini na kubeba gesi. Yakishafika juu huanza kubadilika papo hapo: gesi hutoka, madini huganda, joto hupungua. Maji yanayotiririka hujisafisha na kujirudishia kile yanachopoteza, lakini maji yaliyofungiwa huhitaji dawa, na dawa ikishaingia hubadilisha karibu kila kitu ambacho ngozi na pua zingekitambua.

Saturnia, katika jimbo la Toscana nchini Italia, ni mahali ambapo swali langu lina jibu fupi kuliko pote. Maji yenye salfa hutoka ardhini yakiwa na joto la takriban nyuzi 37 za Selsiasi, hupita katika mfereji wake na kuporomoka kwenye vidimbwi vya mawe meupe ambavyo maji yenyewe yamevijenga kwa chokaa yake katika muda mrefu. Hakuna pampu, hakuna kichujio, na mtu huingia bila kiingilio. Joto hilo ni karibu sawa na la mwili, kwa hiyo nilikaa humo muda mrefu bila kuchoka, mgongo wangu ukiwa chini ya poromoko dogo. Upungufu wake ni wa mahali pasipo na mlinzi wala kabati: nguo na mkoba huachwa juu ya mwamba, mawe yanateleza, na ukichelewa asubuhi utakuta watu wamejaa. Nilifika alfajiri, na ningemshauri yeyote afanye hivyo.

Budapest, mji mkuu wa Hungaria, nilipapenda kwa sababu nyingine. Bafu kubwa la Széchenyi, lililofunguliwa mwaka 1913, hupata maji yake kutoka visima viwili vilivyochimbwa, na maji hayo hufika juu yakiwa na nyuzi 74 na 77, joto ambalo hakuna mwili unaoweza kulivumilia, hivyo ni lazima yapoozwe kabla ya kuingizwa bwawani. Kwa kipimo changu hayo ni maji yaliyopitia mikono mingi. Hata hivyo, kukaa nje katika maji ya nyuzi 38 huku hewa ya baridi kali ikipita usoni, na wazee wakicheza sataranji wakiwa wamezama hadi kifuani, ni raha ambayo siwezi kuikana. Kwa kujiloweka kwenyewe, lakini, niliridhika zaidi katika bafu la Rudas, ambalo sehemu yake ya kale ilijengwa katika karne ya 16 wakati wa utawala wa Waosmani. Chini ya kuba lenye matundu ya kupitisha mwanga kuna birika la pembe nane lenye nyuzi 36, na katika pembe nne za ukumbi yamo mabirika madogo ya nyuzi 28, 30, 33 na 42. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kujiloweka si kukaa mahali pamoja, bali ni kuhama kutoka joto moja hadi jingine na kuuacha mwili utambue tofauti.

Somo hilo nilikuja kulikuta likifundishwa na ardhi yenyewe katika bonde la Reykjadalur, Aislandi. Kutoka mji wa Hveragerði unapanda kwa miguu kwa muda wa kama saa moja, ukipita kando ya mashimo ya matope yanayochemka, mpaka unafika penye mto ambamo maji ya moto hukutana na ya baridi. Hakuna anayekupangia joto: ukitaka moto zaidi unapanda juu kidogo ya mto, ukitaka nafuu unashuka. Nililala ndani ya mto huo mvua nyembamba ikininyeshea usoni, maji yakipita juu ya mabega yangu bila kukoma, na nilihisi wazi maana ya maji ambayo hayajaguswa na mtu. Vizuizi vya mbao vya kubadilishia nguo havina paa, na kurudi kwa miguu ukiwa na nywele mbichi kunahitaji kofia nzito. Ni muhimu sana kutotoka njiani, kwa kuwa udongo unaoonekana mkavu unaweza kuwa utando tu juu ya matope yanayochemka.

Wengi wanaokwenda nchi hiyo hufikiria kwanza Blue Lagoon, nami nilikwenda. Ni pazuri, maji yake ya rangi ya maziwa yenye madini ya silika ni laini ajabu, na huduma zimepangwa vizuri. Ila msafiri ajue kwamba dimbwi lile halikuwa chemchemi: lilijitokeza katika miaka ya 1970 kutokana na maji yaliyotoka katika kituo cha nishati ya jotoardhi cha Svartsengi. Anayelijua hilo mapema atalifurahia kwa jinsi lilivyo.

Sasa Kusatsu, ambako ningetaka kukaa zaidi. Ni mji wa milimani katika mkoa wa Gunma, Japani, ulioko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya mji pana Yubatake, jina lenye maana ya shamba la maji moto: mifereji ya mbao iliyopangwa sambamba, ambamo maji yanayotoka ardhini hutiririka yakifuka mvuke, hupoa kiasi na kuacha utando wa madini, kisha huteremka kuelekea kwenye mabafu. Harufu ya salfa hukufikia kabla hujaiona mifereji yenyewe. Chemchemi za mji mzima hutoa zaidi ya lita 32,000 kwa dakika, na wingi huo ndio siri ya mahali pale, kwa maana hakuna sababu ya kuyatumia maji yaleyale mara mbili. Huingia upande mmoja wa birika na kufurika upande wa pili. Wajapani huita utaratibu huo kakenagashi, na tangu hapo neno hilo ndilo ninalolitafuta kwanza ninapochagua mahali nchini humo. Sheria yao ya chemchemi ya mwaka 1948 hukubali kuyaita onsen, yaani chemchemi ya maji moto, maji yoyote yanayotoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, kwa hiyo jina la onsen peke yake halikuambii kama maji yanatiririka au yanazungushwa.

Maji ya Kusatsu ni makali. Tindikali yake ni karibu na ya maji ya limau, na niliihisi mara moja penye mkwaruzo mdogo wa kidole changu. Vito vya fedha huwa vyeusi ndani yake, basi viache chumbani. Kwa kuwa hawataki kuyazimua kwa maji baridi, wenyeji wa huko wamerithi njia ya kuyapooza iitwayo yumomi: watu husimama kuzunguka birika, kila mmoja akiwa na ubao mrefu, na kuyakoroga kwa mwendo mmoja huku wakiimba. Nilitazama maonyesho ya kazi hiyo nikiwa na heshima kubwa, kwa sababu niliona watu waliokubali taabu ili maji yabaki kama yalivyotoka. Sharti la kujisugua na kujisuuza kabisa kabla ya kuingia nililielewa kwa mwanga huohuo: maji yasiyotiwa dawa hulindwa na usafi wa wanaoyaingia.

Huko pia nilikosea. Nilikaa ndani kwa muda uleule niliokuwa nimeuzoea Saturnia, bila kujali kwamba maji yalikuwa ya moto zaidi, na nilipoinuka ghafla macho yakaingia giza. Mzee aliyekuwa karibu alinishika mkono, akaniketisha ukingoni, na kwa ishara akanionyesha niache miguu tu ndani. Joto hupanua mishipa ya damu na shinikizo hushuka, hasa mtu anaposimama; kwa hiyo katika maji yanayozidi nyuzi 42 sasa hukaa dakika chache tu, hutoka, hupumzika, hunywa maji, kisha hurudi. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo waulize daktari wao kabla ya safari, na pombe isitangulie kabisa. Katika chemchemi za wazi zenye maji vuguvugu yasiyo na chumvi sizamishi kichwa popote, kwa kuwa maji ya namna hiyo yanaweza kuwa na amiba, kijidudu hatari anayeingia mwilini kupitia puani.

Kwa anayesafiri na mtu asiyeweza kutembea mbali, Rudas ingefaa zaidi kuliko bonde la Reykjadalur. Kwa anayetaka maji ya asili bila kuvumilia moto mkali, Saturnia inatosha. Mimi nitarudi Kusatsu, na safari ijayo nitakaa siku tano badala ya mbili, kwa sababu mabafu yake hupata maji kutoka chemchemi tofauti, na katika siku mbili niliweza kuingia matatu tu.