TAHADHARI: Kishoka anayeuza "Island Peak kila kitu ndani" Moshi na Arusha

Wapandaji wenzangu wa Moshi, Arusha, Nairobi na popote mlipo, someni hili kabla hamjatuma hata shilingi moja ya malipo ya awali. Kuna mtu anauza safari ya kupanda Island Peak, kule Nepal, kwa dola 1,490 "kila kitu ndani". Anajitangaza Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp ya waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro, na sasa ameanza tena kukusanya watu wa msimu wa Oktoba. Vijana wanne ninaowafahamu vizuri walimlipa kwa msimu wa Aprili. Hakuna hata mmoja aliyefika kileleni, na mmoja nusura apakiwe kwenye helikopta asiyoihitaji. Mimi ni mwongozaji wa Kilimanjaro, Island Peak nimeipanda, na mimi ndiye waliyempigia simu walipokwama. Ujumbe wote nimeuona, risiti zote, na hicho alichokiita kibali.

Jina lake sitaliandika kwa sababu shauri liko polisi. Isitoshe, jina halitawasaidia sana: ukurasa wake ulikuwa na jina moja mwezi wa pili na jina jingine mwezi wa sita. Mwenendo wake ndio haubadiliki, na huo ndio ninaotaka muujue.

Utapeli huu ni mgumu kuushtukia kwa sababu safari yenyewe ipo. Ukifika Kathmandu unapokelewa, unalala hoteli ya Thamel, mtaa wa watalii, unapanda ndege ya Lukla, mji mdogo wa milimani ambako matembezi huanzia, unatembea bonde la Khumbu mpaka kijiji cha Chhukung, mita 4,730. Hapo ndipo unapoambiwa kwamba pesa uliyolipa ilikuwa ya matembezi tu. Kilele ni "nyongeza", dola 650 kwa kila mtu, taslimu. Likizo umeshaimaliza, watu wa nyumbani umeshawaaga, na mlima unauona kwa macho. Ni sawa na kumuuzia mtu kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kisha ukamdai pesa nyingine akiwa Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na kwa kweli Kibo na Chhukung ziko karibu mwinuko uleule.

Anzeni na bei, maana bei peke yake ingetosha kumkamata. Ndege ya Lukla kwa mgeni ni karibu dola 200 kwenda na karibu 200 nyingine kurudi. Kibali cha kilele hutolewa na Chama cha Wapanda Milima cha Nepal, NMA, na ada hutegemea msimu: kwa miaka mingi ilikuwa dola 250 kwa miezi ya Machi hadi Mei, na nusu yake kwa msimu wa Septemba hadi Novemba. Viwango vya Nepal hurekebishwa, Everest yenyewe ilipandishwa kutoka dola 11,000 hadi 15,000 Septemba 2025, kwa hiyo ada ya sasa waulizeni NMA wenyewe. Ongeza kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, ambamo njia hii inapita, ada ya halmashauri ya Khumbu, mwongozaji wa njiani kwa wiki mbili na zaidi, mwongozaji wa kupanda kwa siku za kilele, mpagazi, vyumba, na chakula ambacho kinazidi kuwa ghali kadiri unavyopanda, kwa sababu kila kilo ya mchele hufika kule kwa mgongo wa mtu au wa mnyama. Kampuni za Nepal zenyewe, bila dalali katikati, huuza safari hii kuanzia kama dola 2,000, nje ya tiketi ya ndege ya kimataifa. Mtu anayekuuzia kwa 1,490 na bado anachukua chake anajua tangu mwanzo kwamba hakupeleki kileleni.

Maneno anayowaambia wapagazi na waongozaji wetu ni haya, nayanukuu kutoka kwenye simu ya mmoja wao: "Mkuu, wewe Uhuru unaenda kila wiki. Island Peak ni mita 300 tu juu yake." Namba ni za kweli. Uhuru ni mita 5,895, Island Peak ni 6,189. Lakini Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au Machame unatembea kwa miguu yako tangu getini mpaka juu. Island Peak unaondoka kambini usiku wa manane, unapanda mawe gizani, na ukifika ukingo wa barafu unafunga kramponi, yaani zile chuma zenye meno chini ya viatu, mnafungwa kwa kamba moja, mnavuka nyufa ambazo baadhi ya misimu zinawekewa ngazi za aluminiamu. Kisha kuna ukuta wa barafu unaopandwa kwa kamba zilizofungwa, ukijivuta mkono mmoja kwa jumari, kifaa kinachouma kamba ili usiteleze kurudi chini, huku mapafu yanatafuta hewa. Juu yake kuna ukingo mwembamba, huku shimo na huku shimo. Na kushuka kwa kamba ukiwa umechoka ndiko kunakohitaji akili zaidi kuliko kupanda.

Muuzaji mwaminifu atakuuliza kama umewahi kuvaa kramponi. Atakuuliza namba ya viatu, afya yako, ulilala mwinuko gani mara ya mwisho, na atakupangia siku ya mazoezi ya kamba kabla ya kilele. Huyu hakuwauliza wale vijana swali hata moja zaidi ya jina kamili na namba ya pasipoti. Mmoja wao ni mwalimu wa sekondari ambaye hajawahi kushika shoka la barafu. Walikuwa na nguvu, walikuwa na nidhamu, walikimbia milima ya Marangu miezi mitano kujiandaa, na hakuna aliyewaambia kwamba maandalizi yao yalikuwa na nusu inayokosekana.

Tazameni pia ratiba. Yake ilikuwa na usiku mmoja tu katika kila kituo cha njiani, Namche Bazaar, mita 3,440, na Dingboche, mita 4,410, na kilele siku ya saba tangu Lukla. Sisi tunaofanya kazi mlimani tunajua maana yake. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Ratiba ya heshima ina usiku mbili Namche, mbili Dingboche, na siku za akiba mwishoni kwa sababu ndege za Lukla huahirishwa na ukungu wakati wowote. Wakati wa msimu wenye watu wengi ndege nyingi haziruki hata kutoka Kathmandu. Zinaruka kutoka Manthali, wilaya ya Ramechhap, saa nne au tano za gari kutoka Kathmandu, na abiria huondoka usiku wa manane ili wawahi asubuhi. Ratiba isiyotaja jambo hilo imeandikwa na mtu aliyenakili ya mwenzake.

Kuhusu kibali. Aliwatumia picha ya "kibali cha NMA" wiki moja baada ya kupokea pesa, na picha hiyo ndiyo iliyowatuliza. Mimi nilipoiona, majina mawili yalikuwa na namba moja ya pasipoti. Kibali cha kweli huombwa na kampuni iliyosajiliwa Nepal, na huonyesha kilele, majina ya wapandaji na kampuni inayowajibika. Mtu wa Moshi hana mamlaka ya kukitoa. Mwombeni jina la kampuni ya Nepal iliyo nyuma yake, kisha andikeni barua pepe NMA, ofisi zao ziko Naxal, Kathmandu, muwaulize kama kampuni hiyo wanaitambua. Mkiulizia kibali chenyewe, wapeni namba. Mwenye safari halali hatakasirika mkimwambia mnahakiki. Huyu alikasirika. Alimwambia yule mwalimu, "Kama huniamini nafasi yako nampa mwingine, zimebaki mbili."

Aliwatoza pia dola 150 kila mmoja kwa "viza ya haraka". Mtanzania au Mkenya anapata viza ya Nepal akifika uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Fomu unaijaza mwenyewe mtandaoni au pale pale.

Sasa sehemu inayonitia hasira kuliko zote. Mmoja wa wale wanne ni muuguzi. Dingboche aliamka na kichwa kinagonga na hamu ya chakula imekwisha. Hakuwa anakohoa, hakuyumba, alizungumza vizuri. Yule aliyewaongoza alishaanza kupiga simu ya helikopta kabla hajapimwa oksijeni. "Bima italipa, dada, usijali." Dada wa watu akakataa. Alitembea na mwenzake mpaka Pheriche, chini kidogo ya hapo, ambako Himalayan Rescue Association, shirika la uokoaji na tiba ya milimani, huwa na kliniki misimu ya kupanda. Daktari alimwambia ashuke na apumzike. Akashuka mpaka kijiji cha Pangboche, akalala, asubuhi akanywa uji.

Biashara hii ya helikopta si jambo la kubuni. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilifanya uchunguzi baada ya kampuni za bima za nje kutishia kuacha kuwalipia wanaopanda milima nchini humo, na ikaelezwa jinsi baadhi ya waongozaji, kampuni za ndege na hospitali zilivyokuwa zikigawana kamisheni kwa wagonjwa wasio wagonjwa. Safari moja ya helikopta ni maelfu ya dola. Nasisitiza, mtu anayekohoa mapovu, anayepumua kwa shida akiwa amekaa, au anayeyumba na kuchanganyikiwa, huyo ashushwe mara moja kwa njia yoyote iliyopo, msibishane juu ya gharama. Lakini maumivu ya kichwa ya kawaida dawa yake ni kutopanda zaidi, na yasipopungua, kushuka.

Na ile bima aliyosema "italipa"? Aliwauzia yeye mwenyewe. Nilipoisoma, ilikuwa ya utalii wa kawaida, mwisho mita 4,000, na ilitaja wazi kwamba haihusu upandaji wa kutumia kamba. Yule dada angepanda ile helikopta, deni lingekuwa lake. Nunueni bima wenyewe, moja kwa moja, na hakikisheni maandishi yanasema mita 6,500 na yanakubali kamba na shoka la barafu. Wengi husoma "matembezi ya milimani hadi mita 6,000" wakadhani inatosha. Haitoshi.

Pale Chhukung, wawili walikopa kwa simu kutoka nyumbani wakalipa zile 650. Waliazimwa viatu vilivyowapwaya na kramponi zilizofungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyewafundisha kutumia jumari. Waliokolewa na mwongozaji Msherpa wa kundi jingine kabisa, aliyewaona ukingoni mwa barafu, akaomba kuona kibali chao, akakuta hakipo, akawarudisha kambini kwa upole. Namshukuru mtu yule kila ninapowakumbuka hawa vijana. Waliporudi Lukla wakakuta tiketi zao za kurudi hazijalipiwa. Na mpagazi wao wa Kinepali, aliyebeba mizigo yao njia yote, naye hakulipwa. Vijana walimchangia kutoka kwenye kidogo walichobaki nacho, kwa sababu wao wenyewe wamewahi kushuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka bila kulipwa na wanajua usiku wa siku hiyo unavyokuwa.

Tangu Mtanzania Wilfred Moshi alipofika kilele cha Everest mwaka 2012, na James Kagambi wa Kenya mwaka 2022, vijana wetu wameacha kuamini kwamba Himalaya ni ya watu wengine. Hamu hiyo ni nzuri na sitaki izimwe na mtu mmoja. Nendeni. Ila tafuteni kampuni ya Nepal wenyewe, ongeeni na mtu aliyesafiri nayo, muombeni jina na leseni ya mwongozaji wa kupanda, si wa matembezi tu, na mkataba uandikwe neno kwa neno kwamba kibali cha kilele, mwongozaji wa kupanda, kamba na siku ya mazoezi vimo ndani ya bei. Lipeni kwa akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Huyu mtu alipokea kila kitu kwa namba ya simu yenye jina la mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Na kumbukeni Nepal hakuna ubalozi wa Tanzania. Ukikwama, ubalozi wetu ulio karibu uko New Delhi.

Kama umeshamlipa kwa ajili ya Oktoba, usimwambie kwamba umesoma hapa. Hifadhi ujumbe wote na ripoti za miamala, usifute hata sauti alizokutumia, kisha nenda kituo cha polisi ufungue malalamiko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu. Namba aliyotumia kupokea pesa iripoti pia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia 15040, na upigie mtandao wako wa simu siku hiyo hiyo, maana muamala wa karibuni wakati mwingine huzuilika. Wale wanne wamekubali kutoa ushahidi, na kila mlalamikaji anayeongezeka anaifanya kesi iwe nzito zaidi. Nitumieni ujumbe wa faragha niwaunganishe nao.