Bakteria wa juu ya barafu na wa ndani yake

Mto wa barafu, yaani barafu nene inayosonga polepole juu ya nchi kavu, una makao mawili ya bakteria, na hayafanani hata kidogo.

La kwanza liko juu. Vumbi jeusi likitua kwenye barafu hunyonya joto la jua, huyeyusha barafu iliyo chini yake na kuchimba kishimo chenye maji. Mpelelezi Nordenskiöld alikuta vumbi hilo Greenland mwaka 1870, akaliita kriokoniti. Humo sianobakteria hujitengenezea chakula kwa mwanga, na nyuzi zao zenye utelezi hufunga vumbi kuwa vidonge. Bakteria wengine hula mabaki yao. Shida ni jua hilohilo: miale yake ya urujuanimno huharibu DNA, hivyo wengi hubeba karotenoidi, rangi za jamii ya ile ya karoti, ziwakinge.

Ndani kabisa ni giza. Maji yanapoganda husukuma chumvi na asidi pembeni mwa fuwele, na huko hubaki vijishipa vya maji yasiyoganda, vyembamba kuliko unywele. Bakteria aliyebanwa humo hana haja ya rangi. Hukua polepole mno, kama anakua, na nguvu yake kidogo huishia kukarabati DNA.

Kwenye utando wa seli wanafanana: wote huongeza mafuta yasiyoganda upesi. Fikiria samli na mafuta ya alizeti asubuhi ya baridi.

Ningelazimishwa kuchagua, ningekwenda kishimoni. Walau huko kiangazi huleta chakula.