Duka la fataki pembeni mwa Belgrave Road, Leicester: mzee aliyekataa kuniuzia boksi kubwa

Kila Desemba ikifika katikati, Waswahili wenzangu wa hapa Leicester huniuliza fataki za Mwaka Mpya wanunue wapi. Nawaelekeza kwenye duka dogo lililo kwenye kichochoro pembeni mwa Belgrave Road, barabara ile ya maduka ya sari na dhahabu, ambako Waasia wengi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 walikuja kuanza maisha upya. Bei zake ziko juu kidogo ya za supamaketi. Ninapeleka watu pale kwa sababu ya namna wanavyouza.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Aliposikia nikiongea na mwanangu kwa simu, akaacha Kiingereza papo hapo. "Mama, bustani yako iko na mita ngapi, kutoka mlango ya nyuma mpaka ukuta?" Nikamwambia labda kumi na mbili. Nilikuwa nimeshaweka mkono juu ya boksi moja kubwa la mizinga, la pauni 70, na hela ninayo. Akalichukua taratibu, akaligeuza upande wa maandishi, akaniwekea kidole kwenye alama F3. "Hii inataka watu wakae mita 25. Wewe uko na 12. Siuzi." Akalirudisha rafu ya juu.

Ni hapo ndipo aliponinasa. Duka jingine wangenipigia risiti na kunitakia sikukuu njema.

Fataki za Uingereza zimepangwa kwa madaraja, na daraja limeandikwa kwenye kila boksi. F1 ni zile ndogo kabisa. F2 ni za bustani ya nyumbani, watazamaji wakae angalau mita 8. F3 zinataka uwanja, mita 25. F4 ni za wataalamu tu, na raia wa kawaida haruhusiwi kuuziwa. Yote hayo yameandikwa kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazisomi, na mzee huyu anakusomea mwenyewe. Nikatoka na keki ya F2, yaani boksi la mizinga midogo inayofyatuka mmoja baada ya mwingine, milipuko 25, chemchemi mbili za kumwaga cheche kwenda juu, na pakiti ya vile vijiti vya cheche wanavyoshika watoto. Jumla pauni 46, pamoja na miwani ya plastiki ya kukinga macho ya pauni 4. Kijiti kirefu cha kuwashia alinipa bure.

Kabla ya kufunga mfuko alichukua ganda la keki iliyokwishatumika, akanionyesha kila kitu. Utambi uko ubavuni, umefunikwa na karatasi ya rangi, unaufunua dakika ya mwisho. Boksi linakaa juu ya ardhi tambarare na ngumu, kisha unalibana kwa matofali au mifuko ya mchanga pande zote, kwa sababu keki ikianguka katikati ya mlipuko, mizinga iliyobaki inaelekea kwa watu. Kuwasha ni kwa mkono ulionyooka, mwili pembeni, kichwa kisipite juu ya mdomo wa boksi hata kwa nukta moja. Alinifanya nirudie mwenyewe pale kaunta, nimenyoosha mkono na kijiti kisicho na moto, wateja wengine wakitazama. Nilirudia kwa moyo mmoja. Kazi yangu ni uuguzi, nimefunga vidole vya watoto vilivyoungua, na najua kidonda cha namna hiyo kinachukua muda gani kupona.

Nikiwa bado pale akaingia kijana mmoja, akauliza kama wanauza utambi peke yake na baruti ya kupima, maana anataka kujitengenezea zake. Mzee hakumfokea. Alimwambia hapana, akamvutia kiti. Akamweleza kwamba baruti na michanganyiko yake haingoji kiberiti: msuguano wa kijiko unaweza kuiwasha, cheche ya umeme tuli kwenye koti la nailoni inaweza kuiwasha, na inawaka ukiwa umeinamia. Tena kutengeneza bila leseni ni kosa la jinai nchi hii, na kupasua fataki ya dukani ili kutoa baruti iliyomo ni hatari ileile. Halafu akampa njia nyingine, akafanye kibarua kwenye kampuni ya maonyesho ya fataki, abebe mirija na kuvuta nyaya kwanza, kwa kuwa British Pyrotechnists Association, chama cha wenye kazi hiyo, kina mafunzo ya wafyatuaji. Kijana aliandika jina la chama kwenye simu. Mimi niliyekulia Tanga, ambako vijana walilipua vichwa vya viberiti bila mkubwa yeyote wa kuwakalisha chini, nilitamani kila mtaa uwe na mzee kama huyu.

Sasa bidhaa zenyewe. Chemchemi zilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Ya kwanza ilianza na dhahabu, ikaingia nyekundu ile inayotokana na madini ya strontiamu, ikamalizia kijani, karibu dakika nzima bila kelele ya kutisha mtoto. Kwa familia yenye wadogo ningechukua chemchemi tatu na keki ndogo. Keki ilipiga vizuri, ila mlipuko mmoja haukutoka. Hatukulisogelea boksi. Tulilisubiri zaidi ya nusu saa, tukalimwagia maji mengi, likalala ndani ya ndoo mpaka asubuhi, kama mzee alivyoagiza.

Vijiti vya cheche ndivyo ninavyovigombania zaidi na wazazi wenzangu, maana vinaonekana ni vitu vya kuchezea. Joto la pale kwenye cheche linapita nyuzi 1,000, na waya unabaki wa moto baada ya mwanga kuzimika. Kwetu kila mtoto alivaa glavu za sufu, akashika kimoja tu, mkono mbali na uso, na kikizimika kinatumbukizwa moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Mwanangu mdogo hajatimiza miaka mitano, kwa hiyo hakupewa, alilia, na akatazamia dirishani.

Yapo ya kurekebisha. Karatasi ya maelekezo wanayokupa ni ya Kiingereza tupu, wakati nusu ya wateja niliowakuta foleni wanaongea Kigujarati, Kisomali au Kiswahili. Karatasi yenye michoro ingetosha. Miwani ilikuwa ya saizi ya wakubwa peke yake. Na lile bango la "nunua moja, ya pili bure" dirishani silipendi kabisa, linamfanya mtu mwenye bustani ya mita 12 abebe mzigo usioenea, na zinazobaki zinaishia chini ya ngazi karibu na boila. Zikibaki zihifadhiwe kwenye sanduku lenye kifuniko, mahali pakavu na mbali na moto.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Msingoje tarehe 31, siku hiyo foleni inafika barabarani na mzee hapati nafasi ya kumweleza mtu. Nendeni tarehe 27 au 28 asubuhi, mkiwa mmeshaipima bustani kwa futi kamba, na mchukue kitambulisho maana chini ya miaka 18 hauziwi. Mkesha wa Mwaka Mpya sheria inaruhusu kuwasha mpaka saa saba usiku, siku za kawaida mwisho ni saa tano. Na iwe ndani ya ua wenu, kwa sababu kuwasha barabarani ni kosa. Wapeni habari majirani wenye mbwa tangu mchana.