TAHADHARI: Muuzaji wa heda za Subaru anayekuomba "bomba kuukuu"

Wenye Subaru hapa Kampala, na nyinyi wa Jinja na Mbale pia maana anasema anatuma mpaka huko: kuna mtu anauza heda (mabomba ya mwanzo ya ekzosi, yanayopokea moshi kutoka kwenye injini) kwa simu, na mimi ameshanila. Naandika kabla hajafika kwako.

Tangazo lake ni heda za stenlesi, mali ya Japani, za injini ya Subaru ya EJ20, pamoja na bomba la katikati, laki nane na nusu. Ukimpa ekzosi yako ya zamani anakupunguzia laki mbili. "Chuma chakavu tu boss, kuna fundi Katwe ananunua." Nikamwona kijana muungwana. Nikatuma laki nne kwa simu, tukakubaliana zilizobaki nimkabidhi boda akileta mzigo.

Boda alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Mzigo umeviringishwa plastiki nyeusi na selotepu kila mahali. Mimi tangu jana yake jioni nilishazimwagia nati mafuta ya kulegeza kutu, gari liko juu ya stendi, waya wa betri umetoka. Forester isiyo na turbo haina shida kwa kazi hii: injini imelala, mabomba yako chini, nati tatu kila upande, spana namba 14, unachomoa soketi za sensa za oksijeni, basi. Kufika saa tano na nusu bomba la zamani lilikuwa sakafuni. Muda wote huo boda anapiga honi getini, "mzee, naitwa kwingine," na muuzaji anapiga simu kila baada ya dakika tano kuuliza kama bomba limetoka. Bomba. Hakuuliza hata mara moja kama heda zimenifaa. Nikampa boda bomba na laki mbili na nusu, akaondoka, ndipo nikachukua kisu kukata plastiki. Ndiyo, najua. Mke wangu ameshanisema vya kutosha.

Sumaku ya kishikio cha simu ilinata kwenye heda mara moja. Stenlesi ya 304, ambayo yeye mwenyewe aliitaja kwa namba, haivutwi na sumaku hivyo. (Ipo ya 409 inayonata, na viwanda vya magari huitumia kwenye ekzosi, kwa hiyo msimalize kila ubishi kwa sumaku.) Nikakwangua kidogo: rangi ya fedha ikabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake kutu. Flanji, ule uso bapa wa heda unaobana kwenye injini, nikailaza juu ya meza ya kioo, na karatasi ya daftari niliyoikunja mara nne ikapita katikati bila kugusa. Tundu la sensa ya oksijeni halipo kabisa.

Jirani akaniambia nifunge tu, fundi atachomelea tundu na gasketi nene itaziba. Hapana. Flanji iliyopinda ukiilazimisha kwa spana unaweza kung'oa boliti kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na hiyo ni aluminiamu, haisamehe. Usipoilazimisha, inavuja. Ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani injini imekosa petroli, kompyuta inaongeza, na wewe unashangaa kwa nini tangi halifiki Ijumaa. Halafu kuna moshi wenyewe: kaboni monoksidi haina harufu, na watoto wamekaa nyuma.

Nikasema basi nirudishe bomba langu. Namba haipatikani. WhatsApp amenibloki.

Fundi wangu wa Ndeeba nilipompigia alicheka kwanza, kisha akauliza: "Masega uliyatoa?" Hapo ndipo nilipoelewa. Ndani ya bomba la kiwandani mna yale masega ya kauri ya kusafisha moshi, yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna watu wanayanunua kwa pesa nzuri. Heda zilikuwa chambo. Biashara ya yule mtu ni masega, na mimi nimemlipa laki sita na nusu ili aje kuyachukua nyumbani kwangu.

Alinipa dalili mbili, nikazipita. Ya kwanza ni ya kitaalamu kidogo. Tangazo lilisema heda zina "mabomba ya urefu sawa, mngurumo wa boksa unazidi". Mngurumo ule wa boksa, yaani wa injini iliyolala ya Subaru, tunaoupenda unatokana na mabomba ya urefu usio sawa. Ukiyasawazisha unapungua, gari linalia kama mengine. Mtu anayeuza heda kweli hakosei hapo. Pia mkisikia "inaingia EJ20 zote," jueni ya turbo na isiyo na turbo hazifanani. Dalili ya pili ipo kwenye picha: nyuma ya heda, ukutani, kuna soketi ya umeme yenye vitundu viwili vyembamba kama za Japani. Za kwetu zina matundu matatu. Picha ile haikupigwa Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, alikodai ana duka. Kisekka nimeenda, nikaulizia kibanda kwa kibanda. Watu walewale ninaonunua kwao miaka yote hawamjui.

Polisi wameandika maelezo yangu. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 iko upande wangu, kitu lazima kilingane na kilivyotangazwa, lakini kwanza umpate mtu wa kumshtaki.

Kama bado unataka heda, zipimie mezani kwake, gasketi mpya juu ya flanji, na bomba lako la zamani libaki stoo kwako hata akikupunguzia nusu ya bei.

Jana shemeji yangu amenitumia tangazo jingine. Jina geni, namba geni, safari hii ni heda za Toyota Mark II, "tunapokea ekzosi za zamani". Soketi ni ileile.